Nilimlipia Ada Huku Nimenuna

Haya niliyasema kwenye kisomo cha akina mama mwishoni mwa Shaabani, spika ilikuwa inakoroma na waliokaa nyuma hawakusikia, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyie mabinti mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nawaona. Mie si mwalimu, mwalimu wetu huyu hapa, mie fundi cherehani na mnanijua, nusu ya madera yaliyomo humu ndani nimeyashona mie na ile nusu nyingine nayaangalia tu nanyamaza. Na hiki kiroba nilichokuja nacho msikiangalie sana, tutakifikia.

Nimeambiwa niseme mambo ya kusameheana maana Ramadhani hiyo inabisha hodi, nikasema sawa, lakini mada sina, nina kisa changu na aya moja basi. Na kabla sijaanza, asije mtu akasema fulani kakaa mbele ya watu anamsengenya ndugu yake, kisa chenyewe kinamhusu kaka yangu mkubwa na ruhusa nimemuomba. Nilimpigia juzi nikamwambia Kaka, nataka kuwasimulia akina mama habari ya ile nyumba. Kimya. Kimya kirefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Sema, lakini waambie na bati lilikuwa linavuja." Basi nimewaambia. Bati lilikuwa linavuja.

Sasa tuanze na simu zetu. Wiki hii kila mwaka simu zinajaa, si ndo? "Ndugu yangu kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua naomba unisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, Ramadhani njema", chini kuna picha ya mwezi na kandili. Mwaka jana nilipokea 63, nilizihesabu nikiwa nasubiri umeme urudi, na katika 63 hakuna hata moja iliyotoka kwa mtu aliyenikosea kweli. Na mie nilituma kwa watu wote, mpaka kwa yule kijana wa gesi, mpaka kwenye grupu la vikoba, lakini wale wawili watatu niliowakosea hasa hasa, wanaojua na mie najua, hao niliwaruka. Kidole kinafika pale kwenye jina kinapita. Sisemi msitume, tumeni, ni mila nzuri tumeikuta. Nasema tu kwamba meseji ya kutuma kwa watu mia mbili kwa mpigo haijawahi kumtoa mtu jasho, na kusamehe kwa ninavyokujua mie kunatoa jasho.

Haya, kisa.

Baba yetu alifariki 2011, mama alishatangulia zamani. Kaacha nyumba Ngamiani, Tanga, zile nyumba zetu mnazijua, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, ua nyuma, na mbele baraza ya sementi iliyong'arishwa na makalio ya watu miaka arobaini. Watoto tuko wanne, kaka, mie, mdogo wangu wa kike na kitinda mimba wa kiume. Hesabu yake mnaijua, mwanamume mafungu mawili mwanamke moja, mafungu 6 jumla. Ukoo ukakaa ukampitisha kaka awe msimamizi wa mirathi, na mie nilisaini, tena kwa mkono mwepesi, kaka yangu bwana, nani angemkatalia?

2014 nikaja kusikia kwa muuza mkaa. Kaniletea gunia mlangoni ananiambia pole shangazi kwa kuondokewa na nyumba, mie nikajua imeungua, nikaanza kulia hapohapo, kumbe imeuzwa. Milioni 48. Fungu langu lilikuwa milioni 8 na sikupata hata ya kununulia uzi. Nikamfuata kaka, akasema pesa imelipa madeni ya marehemu. Nikasema alhamdulillahi, deni la maiti linatangulia kabla ya mirathi, hilo halina ubishi, nionyeshe basi alikuwa anadaiwa na nani. Akaniambia, "Wewe mtoto wa kike unataka kunikalia kikao mie?" Mbele ya wifi, mbele ya watoto.

Niliondoka pale miguu siisikii. Na nikalala na hilo neno, nikaamka nalo, nikila liko sahanini. Pesa inauma lakini lile neno ndo lililokaa.

Sasa sikilizeni ubaya wangu, maana ya kaka mmeshayasikia. Kaka ana binti, wakati ule alikuwa kidato cha pili, shule ya kulipia, bweni, na anayemlipia ada alikuwa mie. Laki 4 na nusu kwa muhula, nilikuwa naitoa kwenye sare za shule, kila Desemba na Januari nashona usiku mpaka macho yanawasha. Nikasema basi. Tena niliapa, wallahi sitoi tena hata shilingi, mtu kanila milioni 8 halafu nimsomeshee mwanawe, mie mjinga? Na mliokuwepo mnakumbuka kwamba wengi wenu humu mliniambia umefanya vizuri. Wengine mliniambia nimechelewa.

Muhula ulipofunguliwa mtoto akarudishwa nyumbani. Akanipigia kwa simu ya mama yake, "Shangazi shikamoo, wamenirudisha." Nikamwambia, "Mwambie baba yako auze nyumba nyingine."

Mtoto wa miaka 15 huyo. Akasema, "Sawa shangazi." Hakulia. Angelia labda ningepata pa kushika, angenijibu vibaya ningepata sababu, yeye kasema sawa shangazi na akakata simu taratibu. Nikarudi kwenye cherehani nikashona sare za watoto wa wenzangu.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja baada ya Magharibi nakata kitambaa dirishani, msikiti wetu uko nyuma ya nyumba kwa hiyo darsa inaniingia ndani nitake nisitake, na ustadhi alikuwa anatafsiri Surat Nnur. Nilikuwa sisikilizi, nawaambia ukweli, mie nilikuwa napima shingo. Akafika kwenye kile kisa cha Mama yetu Aisha, mke wa Mtume, kuzuliwa uongo.

Mnakijua lakini nitakisema kama nilivyokisikia usiku ule, maana nilikuwa nakijua tangu chuoni na kumbe sikuwa nakijua. Wametoka safarini na Mtume (s.a.w.), msafara umetua usiku, Bibi Aisha kaenda kando kwa haja yake, karudi kajishika shingoni mkufu hakuna. Karudi kuutafuta. Huku nyuma watu wamenyanyua kile kibanda chake wakakiweka juu ya ngamia, na alikuwa msichana mwepesi hawakujua kwamba hayumo. Wakaenda. Akakaa palepale mpaka akapitiwa na sahaba mmoja aliyekuwa nyuma ya jeshi, Safwan, akampandisha ngamia wake yeye akashika hatamu kwa miguu mpaka wakawakuta wenzao. Basi. Hicho tu. Mji mzima ukachafuka kwa maneno.

Na aliyepuliza moto ni mnafiki, Abdullah bin Ubayy, huyo hashangazi mtu. Linaloshangaza ni waliobeba. Mmoja wao Mistah. Mistah ni nani? Ni mtoto wa binamu yake Abubakar, mama yake Mistah ni binti wa mama mdogo wa Abubakar, au mama mkubwa, ndugu wa mama ndo ninachotaka kusema. Maskini hana kitu, kahama Makka kwa ajili ya dini, kapigana Badri, vile vita vikubwa vya kwanza vya Waislamu. Na anayemlisha kila siku ni Abubakar. Yaani mkono unaopeleka unga nyumbani kwa Mistah ndo baba wa huyo binti ambaye Mistah anamchafua. Nikaweka mkasi chini.

Na Aisha mwenyewe alikuwa mgonjwa mwezi mzima hajui lolote. Alikuja kujua usiku mmoja katoka na mama yake Mistah, yule mama akajikwaa kwenye nguo yake, akasema "Aangamie Mistah!" Mama anamlaani mwanawe wa kumzaa. Aisha akamwambia umesema neno baya, unamtukana mtu wa Badri? Ona jamani, bado hajajua, anamtetea. Ndo yule mama akamwambia kwani hujasikia? Akamweleza. Ugonjwa ukarudi juu ya ugonjwa, akalia siku mbili usingizi hauji, mpaka akasema sina la kusema ila alilosema baba yake Yusuf, subira njema.

Aya zikashuka, katakaswa kutoka mbinguni. Na riwaya zipo kwamba waliosambaza walichapwa, Mistah akiwemo. Kisha Abubakar akaapa, wallahi simpi Mistah kitu tena baada ya aliyoyasema kwa Aisha.

Akina mama, hebu mwambieni Abubakar kakosea. Nani atathubutu? Hakumpiga Mistah, hakumtukana, hakumfukuza mjini. Kafunga mfuko wake tu, wake mwenyewe, si wa mtu. Mie nilikuwa pale dirishani nasema na umefanya vizuri Abubakar, tena umechelewa.

Ndipo ikashuka ile aya ya 22. Wasiape wenye fadhila na wasaa katika nyinyi kwamba hawatawapa jamaa zao na maskini na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu, na wasamehe na waachilie mbali, je, nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni?

Nilikaa chini, kwenye vitambaa vya watu. Jamaa, maskini, kiapo. Kila neno lina anuani yangu.

Na hapa ndo penye neno langu la leo, kama mtabeba moja mbebe hili. Sisi tukisema kusamehe tunafikiria moyo. Tunasubiri moyo. Mtu anakuambia moyo wangu haujawa tayari, siwezi kujilazimisha, nikisamehe nisamehe kweli. Miaka kumi anasubiri moyo kama mtu anayesubiri gari kwenye stendi iliyohamishwa. Aya haikumuuliza Abubakar moyo wake ukoje. Haikumwambia mpende Mistah, haikumwambia sahau, haikumwambia mkae sinia moja. Imeanzia kwenye mkono, mlichokuwa mnatoa toeni. Halafu ikamuuliza swali moja tu, na lenyewe halimhusu Mistah hata kidogo, linamhusu Abubakar na Mola wake. Na Abubakar akajibu, ndiyo wallahi, napenda Mwenyezi Mungu anisamehe, akarudisha ile posho, akasema wallahi siikati tena abadan. Haikuandikwa kwamba alitabasamu.

Nikasema kumbe! Kumbe naruhusiwa kuanza nikiwa nimenuna.

Kesho yake nikaenda benki. Sikumpelekea kaka pesa mkononi, la, kusamehe si kuzima akili, nilikwenda kulipa kwenye akaunti ya shule. Unachukua ile slipu, unaandika jina la mwanafunzi majina matatu. Sasa majina matatu ya mtoto wa kaka yangu ni yepi? Jina lake, jina la kaka, jina la baba yetu. Nikaandika la mtoto. Kalamu ikasimama. Yaani nilikuwa miezi na miezi jina la kaka silitamki, nilikuwa nasema "yule", "yule bwana", "yule wa Makorora", na sasa natakiwa niliandike kwa mwandiko wangu kwa herufi kubwa. Nyuma yangu foleni, mtu anakohoa kikohozi cha kunihimiza. Na ukitaka kufika kwa baba huwezi kumruka, yuko katikati. Nikaliandika. Nikaandika na la baba, ambalo ni jina langu la pili mie pia. Nikatoa laki 4 na nusu, mkono unatetemeka, moyo umenuna vilevile. Kama mtu angenipima presha pale angeita gari.

Wala sikutoka pale nimetua mzigo, wale wanaosimulia kwamba walisamehe mara wakajisikia wepesi kama unyoya, mie sikupata. Nilitoka nina njaa. Lakini usiku wake nilipofika kwenye sijda, nikaweza kusema jambo ambalo lilikuwa limenigomea. Kabla ya hapo dua yangu kuhusu kaka ilikuwa kesi, yaani nilikuwa namsomea Mwenyezi Mungu mashtaka, Ya Rabbi unamjua alichofanya, mlipe, tena nataja kiasi, milioni 8 Ya Rabbi, kama vile kwake kuna karani anasahau. Siku hiyo nilipotaka kuanza mashtaka lile swali likanikatiza, hampendi akusameheni? Nikajikuta nataja yangu.

Na yangu nitawatajia moja, mwalimu asiniangalie hivyo. Mtu analeta mita tatu na nusu, dera lake linatoka kwenye tatu. Ile nusu inakwenda wapi? Mafundi tunasema vipande, vimebaki vipande, taka tu. Jamani nusu mita ya kitenge si taka. Inatoka kofia ya mtoto, inatoka mifuko, ikikutana na nusu mita ya mwenzake zinatoka foronya mbili nauza elfu nne. Miaka 20 hiyo, hesabu mtapiga wenyewe. Mie nililiwa milioni 8 kwa mpigo, nyie mmeliwa nusu nusu mita, na wote humu ndani mnaniita fundi mwaminifu. Ndo nikaelewa kwa nini aya imeuliza vile. Nguvu ya kusamehe mie sikuitoa kwenye wema wangu, sina wema kiasi hicho. Niliitoa kwenye kujua nadaiwa.

Lakini ngoja, hapa niseme la pembeni na niliseme kwa nguvu maana nawajua watu. Kuna mwanamke humu anarudi nyumbani kupigwa. Asije mtu akachukua maneno yangu akamwambia msamehe mumeo rudi ukae, fundi kasema. Fundi hajasema. Someni habari ya Wahshi. Wahshi ndo aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, kwenye vita vya Uhud, alimvizia na mkuki ili apate uhuru wake kwa bwana wake. Miaka ikapita akasilimu, akaja mbele ya Mtume (s.a.w.), akaulizwa wewe ndiye Wahshi? Wewe ndiye uliyemuua Hamza? Akakubali. Uislamu wake ukapokelewa, damu yake ikasalimika, na kisha Mtume akamuuliza, je, unaweza kunificha uso wako? Yaani nisikuone. Mtume huyo! Kiumbe bora! Kamsamehe, na kidonda kinauma, na kamwambia kaa mbali na macho yangu. Wahshi akaenda zake, na baada ya Mtume kufariki mkuki uleule ndo akamuua nao Musaylima aliyejidai utume. Kwa hiyo msamaha na umbali vinakaa nyumba moja. Mtu anayekupiga unaweza kumsamehe ukiwa kwa mama yako, mlango umefungwa, na namba ya polisi unayo.

Na kudai haki pia si kukosa msamaha. Mwenyezi Mungu kwenye Surat Nnisaa kasema hapendi kutangaza maneno mabaya isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa karuhusiwa kusema! Wanaowaambia nyamaza usiaibishe ukoo hawajaifikia hiyo aya. Na kwa mirathi, sikieni na hili halina mashairi, msimamizi akishateuliwa na mahakama ya mwanzo ana miezi 4 kurudisha fomu ya orodha ya mali na fomu ya mgawanyo, akihitaji zaidi aombe. Ikipita miezi 4 hamjaona kitu nendeni mkaulize kwa heshima, na shikamoo juu. Sisi hatukujua, tulikuwa tunaona haya kumuuliza kaka, haya ikatula nyumba.

Narudi kwangu. Ada nililipa muhula ule na uliofuata, na nikadhani nimefuzu, kumbe ugonjwa umehama tu. Nikaanza masimango. Binti akija likizo akichelewa kuosha vyombo, "wewe unasomeshwa hapa na nani?" Nikiwa shughulini na akina shoga, "mie ndo namsomesha mtoto wa aliyenila." Inanoga kusema, nyie! Unasamehe halafu unapita nayo mtaani kama sinia la halua, kila mtu aonje. Na Qur'an imesema wazi msizibatilishe sadaka zenu kwa masimango na udhia. Nililipa ada kamili na nikawa naichoma mwenyewe kidogo kidogo kwa ulimi.

Kilichonikomesha ni Nabii Yusuf. Sote tunamjua Yusuf kasamehe, "hapana lawama juu yenu leo", hiyo tunaisoma mpaka harusini. Lakini nenda mbele kidogo, pale wazazi wamefika Misri, ndugu zake wamesimama pale, na yeye anamshukuru Mola wake mbele ya baba yake. Anasema amenifanyia wema aliponitoa gerezani. Gerezani! Na kisimani je? Kilichotangulia ni kisima, walipomtupa hawa hawa waliosimama hapa. Kataja jela, kisima kakiruka, maana angetaja kisima wangeinamisha vichwa mbele ya baba yao. Na ugomvi wote akauweka kwa shetani, baada ya shetani kuchochea baina yangu na ndugu zangu, kasema, kama vile na yeye alikuwa na upande. Nilipoambiwa hilo nilikaa kimya siku nzima, na mnajua mie kukaa kimya siku nzima ni miujiza.

Basi nikaacha kutaja kisima. Isipokuwa leo, kwa ruhusa.

Mtaniuliza kaka je, aliomba msamaha? Hakuomba mpaka leo. Kapanga vyumba viwili Makorora, pesa ile iliisha vibaya sijui hata wapi na sijauliza. Binti kamaliza, kaolewa, na siku ya harusi kaka alikuja kukaa karibu yangu na sahani ya biriani akaniambia nyama imeiva, akaondoka. Kwa mtu anayemjua kaka, hiyo ni hotuba.

Miaka mitatu nyuma alinitumia mtoto na bahasha ya kaki, ndani laki 2. Haina karatasi, haina neno. Na mie, nisiwafiche, nina daftari. Nikaandika, imebaki milioni 7 na laki 8. Mnacheka? Cheka tu. Hasira nimeifuta, deni sijalifuta. Qur'an inasema mwenye deni akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike, na mkilifanya sadaka ni kheri kwenu. Kuna vituo viwili hapo, muda na sadaka. Mie nimefika kwenye muda. Kwenye sadaka sijafika, na sitaki kuwadanganya mbele ya Ramadhani kwamba nimefika. Kila mwezi wa Shaabani nalitoa lile daftari nikaliangalia, mwaka huu nimelirudisha kabatini tena. Niombeeni dua.

Naona mwalimu ananionyesha saa, na nasikia huko msikitini wanapuliza kipaza sauti, Alasiri imefika.

Kiroba. Mwaka huu situmi meseji. Humu ndani kuna vipande vyenu, vya miaka hii miwili mitatu nilivyoweza kuvikusanya, vingine vilishakuwa foronya na hizo foronya nimezitia humuhumu. Nakiweka hapa kwenye mkeka karibu na viatu. Baada ya swala kila mwenye kukijua kitambaa chake achukue, na ambaye chake hakimo aje aniambie bei, nitaandika kwenye daftari, upande wangu mie ninaodaiwa. Wewe mama wa kitenge cha bluu chenye mikorosho usiondoke, chako kipo, ni mita nzima.